Fundi wa DVD kule Chikongola, Mtwara: kamrudisha babu, ila benchi lake la kusubiria litakuvunja mgongo

Tangu nirushe kile kipande cha video ya marehemu babu kwenye grupu la ukoo nimeulizwa na watu kama sita hivi, kila mtu "umeitoa wapi", "nani kakutengenezea", "na mimi ninayo yangu imekufa", basi nimeona kuliko kujibu mmoja mmoja bora niandike mara moja. Ni ndefu, nawaonya mapema, asiye na muda aruke mpaka kwenye bei.

Kwanza muijue hiyo DVD yenyewe. Ni harusi ya dada yangu mkubwa, Mikindani, mwezi wa 11 mwaka 2008, mzee alikuwa keshauza korosho zake kwa hiyo mambo yalikuwa mazuri, kameramani akaitwa kutoka mjini na kamera yake ya begani, akarekodi kutwa nzima, baada ya wiki tatu akatuletea DVD moja. Moja tu. Ina stika juu, picha ya maharusi imezungukwa na mawaridi na maandishi ya dhahabu. Sasa ndani ya hiyo DVD, kule karibu na mwisho, babu anasimama kumpa nasaha bwana harusi. Babu alifariki 2011 na sisi hatuna video yake nyingine popote duniani wala sauti yake, simu zetu enzi hizo zilikuwa za tochi.

Mtunzaji wa DVD ni mjomba, na kwetu mjomba akishika kitu ndo kimeshikwa. Kaiweka miaka yote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za shamba, inatolewa sikukuu kwa sikukuu, tunajaa sebuleni, watoto wanaishika na mikono ya pilau, inarudishwa sandukuni. Kufika kama 2016 ikaanza kuganda. Na inaganda pale pale: babu anasimama, anarekebisha kofia, anasema "Bismillahi, wanangu...", halafu picha inakuwa vigae vigae, sauti kr kr kr, deki inavuma wiii wiii kama inataka kupaa, mwisho inaandika NO DISC. Kwa hiyo jamani miaka yote hiyo tumemuona babu akirekebisha kofia tu. Kuna watoto wa ukoo wanamjua babu kama yule mzee wa kofia.

Kabla ya huyu fundi ninayemsifia nilianza kwingine, mjini hapahapa, duka sitalitaja, lina bango kubwa la kufufua CD na DVD. Kijana pale akaipokea, akaifuta na ncha ya tisheti yake, akaangalia, akasema "hii ndogo sana dada", akachukua dawa ya meno akaipaka kwenye tambara akaanza kuizungusha duara duara kama anasugua sufuria. Dakika kumi, elfu tano, haya kwaheri. Nimefika nyumbani nimeweka kwenye deki, sasa haifiki hata kwa babu, inaganda kwenye kukata keki. Mjomba hakusema kitu, aliniangalia tu, akairudisha sandukuni akafunga kwa kufuli ambalo mwanzo halikuwepo.

Huyu wa pili nilielekezwa na mama mmoja anayeuza ming'oko, nikamwambia habari yangu wakati ananipimia, akasema nenda Chikongola ndani ndani huko, ulizia mzee aliyekuwa na kibanda umiza. Hana bango. Ni chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wa bluu, nje kuna benchi la mbao lenye msumari mmoja umechomoza (nimeutaja ili ukikaa ukae upande wa kulia). Mzee wa makamo, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni, zamani alikuwa anaonyesha sinema na kukodisha CD kwa hiyo kaishi na CD wagonjwa maisha yake yote. Biashara ya kibanda ilipokufa akabaki na meza, deki nne, kompyuta mbili za mezani na huo ujuzi.

Nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, nikaanza kueleza. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuiomba DVD kwanza, aliuliza maswali. Deki yenu inasoma DVD zingine? Nikasema inasoma. Inasoma CD za muziki? Inasoma. Hii imejaribiwa kwenye deki nyingine? Ndio, kwa jirani, inaganda vilevile. Akasema basi mgonjwa ni sahani, si deki, na watu wengi wanamletea sahani nzima kumbe lenzi ya deki ndo imekula vumbi. Tena akaniambia kitu nilikuwa sijui kabisa, kwamba deki inaweza kusoma CD vizuri ikagoma DVD kwa sababu mle ndani mwanga wa kusomea CD na wa DVD si mmoja, wa DVD ni mwekundu na ni mwembamba zaidi, unaweza kufa mmoja mwingine ukabaki mzima. Kwa hiyo usiseme "mbona CD inacheza", jaribu na DVD nyingine unayoijua ni nzima.

Siku ya pili nikaenda na mjomba. Ilibidi, maana aligoma kunipa, kaja nayo mwenyewe kwenye bajaji kutoka Mikindani kaishika kama yai. Mzee akanawa mikono, akaikausha, akaingiza kidole cha shahada kwenye tundu na dole gumba ukingoni, hakugusa uso hata kidogo, akaiinua kwenye taa ya tyubu akaigeuza taratibu. Kimya. Halafu akasema, "Huyu kapakwa dawa na mganga gani?"

Akaniita nione. Pale penye mwanga uso wote ulikuwa na mistari myembamba ya duara, mingi, kama santuri ya zamani, hiyo ndo kazi ya dawa ya meno. Na kule ukingoni kulikuwa na alama ya dole gumba, kamili, mistari yote ya kidole inasomeka, ya mafuta, imekauka, mjomba akasema bila hata kuulizwa "hiyo samli". Kulikuwa pia na mkwaruzo mmoja mnene unaotoka katikati kwenda nje, mimi nikadhani huo ndo muuaji maana unaonekana kutoka mbali. Mzee akacheka, akasema huo hauna neno, wauaji ni hii midogo ya duara.

Hapa alinipa darasa ambalo peke yake lilikuwa na thamani ya nauli. Data kwenye sahani imeandikwa kwenye mstari mmoja mrefu unaozunguka kama dawa ya mbu ya kuchoma, unaanzia ndani karibu na tundu unaishia nje. Mkwaruzo unaokatiza kutoka katikati kwenda nje unaukata huo mstari mara nyingi lakini kila mara kidogo tu, na sahani imeundwa kuvumilia hivyo, data inaandikwa pamoja na hesabu za akiba, kikikosekana kipande kidogo deki inakokotoa kilichokuwepo. CD ya muziki inavumilia pengo la karibu milimita 2.5 kwenye mstari wake na wewe husikii kitu. Ila mkwaruzo wa duara unatembea na mstari, unafuta mfululizo, akiba inaisha, ndo inaganda. Ndo maana ukifuta CD unafuta kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja kama miale ya jua, usizungushe kamwe, kitambaa kikiwa na chembe ya mchanga basi angalau mchanga huo ukate barabara usitembee nayo.

Nikamuuliza mbona vumbi limejaa na bado sehemu zingine zinacheza. Akanionyesha dirisha lake, lina wavu wa mbu, akasema ukiangalia kule nje unauona mwembe au unauona wavu? Mwanga ule haulengi juu ya uso, unalenga ndani, kwenye DVD tabaka la data liko katikati, ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vimegundishwa. Pale juu ya uso mwanga bado ni mpana, karibu nusu milimita, kwa hiyo kivumbi kimoja ni uzi wa wavu tu. Lakini dole la samli si uzi, ni pazia.

Na mbona ni babu ndo anaumia? Kwa sababu sahani inasomwa kutoka ndani kwenda nje. Harusi inaanzia tunduni, kina mama wanapika, bibi harusi anatolewa, na inaishia ukingoni. Nasaha ziko mwisho, kwa hiyo babu amekaa ukingoni kabisa, na ukingoni ndo kila mtu anaposhika. Mjomba aliposikia hivyo aliangalia vidole vyake.

Kazi yenyewe sasa. Aliiosha. Ndio, maji tu, ya kawaida si ya moto, na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, akapitisha kidole laini kutoka katikati kwenda nje, akasuuza, akakausha na kitambaa cha miwani kwa kugusa gusa si kusugua. Lile dole la samli halikutoka lote, akamalizia na spiriti kidogo kwenye pamba. Upande wa stika hakuulowesha, na mjomba alipouliza kama tuibandue maana imeanza kunyanyuka pembeni kwa unyevu, akasema usithubutu. Kwenye DVD stika inafanya sahani isizunguke sawa, inayumba, ni kosa la aliyeibandika, ila ukiibandua kwa nguvu unaweza kuachanisha zile plastiki mbili au kuipinda. Kwenye CD ni mbaya zaidi maana ule utando wa rangi ya fedha uko juu kabisa, chini ya vanishi tu, unatoka na stika na ndo mwisho wa habari. Na akasema jamani petroli hapana, thina hapana, dawa ya kuondoa rangi ya kucha hapana, hiyo plastiki inaharibika inakuwa na ukungu usiotoka.

Baada ya kuosha akaijaribu kwenye deki. Ikafika kwa babu! Kofia, Bismillahi, wanangu, maneno mawili matatu, kr kr. Mjomba keshatoa leso. Mimi nikasema haya mzee, icheze tena, icheze tena, labda itapita. Akaitoa. Akasema kila unapoilazimisha kucheza haikusaidii chochote, hii inatakiwa inakiliwe mara moja kwa subira halafu ipumzike.

Na hapa ndo tofauti yake na wengine wote. Ukiweka DVD mbovu kwenye kompyuta ukasema kopi, inaenda vizuri, inafika penye ubovu inaganda nusu saa, inakutolea kosa na kutupa kazi yote. Yeye anatumia programu ya bure inaitwa ddrescue, mpwa wake aliyesoma Dar ndo alimwekea, ni kioo cheusi na maandishi tu, hakuna cha kubofya. Inachofanya ni kukusanya kwanza vyote vinavyosomeka kirahisi, ikikuta kibovu inakiruka na kukiandika kwenye daftari lake, halafu inarudi kwenye vile vibovu kimoja kimoja, inajaribu na kujaribu, hata kinyume, kutoka mwisho kuja mwanzo. Umeme ulikatika jioni ile (ulikatika, bila shaka) nikajua tumerudi sifuri, ulivyorudi ikaendelea palepale ilipoachia kwa sababu ya lile daftari.

Tatizo ni muda. Raundi ya kwanza kama saa moja na nusu, ikawa imekusanya zaidi ya giga 4 na imebakiza megabaiti 140 hivi hazisomeki. Mzee akasema hizi zilizobaki ni za kulala nazo, njooni keshokutwa. Mjomba akasema DVD hailali hapa. Tukakaa pale nje kwenye benchi kama nusu saa tunabembelezana, mjomba akapendekeza alale yeye palepale, mwisho mzee akatoa daftari akaandika tarehe, akaichora ile stika, nasema kweli, akachora mawaridi na maharusi wawili vijiti, mjomba akasaini chini yake. Ndo tukaondoka.

Tuliporudi ilikuwa imebaki 38. Alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta ya pili yenye draivu nyingine (kile kisomeo cha DVD), ya zamani, nzito, anasema draivu hazifanani macho, kipande ambacho hii haioni ile inakiona, na zile za zamani zinazokwenda polepole mara nyingine zina subira kuliko hizi nyembamba za laptopu. Kwa DVD ukikosa kipande hukosi kidogo, inasomwa kwa mafungu ya vipande vidogo 16 vinavyoitwa sekta, kilobaiti 32, fungu likishindikana kuhesabika linaanguka lote, kwa hiyo kuokoa fungu moja ni kuokoa kitu kinachoonekana kwa macho.

Hapo ndo akaomba ruhusa ya kung'arisha. Nikashtuka, si ndo hiyo hiyo dawa ya meno? Akasema tofauti ni mbili. Kwanza sasa nakala tunayo, ikiharibika zaidi hatupotezi tulichookoa, yule kijana wako alianza na kisu kabla ya vipimo. Pili ile dawa ya meno ina chembe za kusugua za saizi ya meno yako, yeye anatumia ile ya kung'arishia taa za mbele za gari, maana taa za gari za siku hizi na sahani ni plastiki ya aina moja, na anasugua kutoka katikati kwenda nje, vidole viwili, kitambaa laini, taratibu. Nilimtazama dakika arobaini. Alikuwa anasugua, anainua kwenye taa, anasugua, kama mtu anayechambua mchele. Mkwaruzo hautoki kwa kujazwa, unatoka kwa kushusha plastiki ya pembeni mpaka iwe sawa nao, kwa hiyo mrefu kwenda chini hauponi na hata wa kawaida huwezi kurudia mara nyingi. Kwa Blu-ray, zile sahani zilizokuja baada ya DVD, ndo usiguse kabisa, kule plastiki ya juu ya data ni milimita 0.1 tu, unaimaliza (sijui nani Mtwara ana Blu-ray ila kasema niandike).

Akairudisha, daftari la ddrescue likaenda moja kwa moja kwenye yale mafungu yaliyokosekana tu. 38 ikashuka, 20, 9, 5, ikagoma kwenye 3. Akaiachia usiku mmoja tena. 3. Akasema hizi zimekwenda, tushukuru. Megabaiti 3 kwenye harusi ya saa mbili ni kama sekunde tano za kukosekana zikijumlishwa zote.

Nikiwa pale siku hizo tatu niliona na wengine. Dada mmoja alileta CD ya kaswida ya marehemu mumewe, upande wa chini inang'aa kama kioo, haina mkwaruzo hata mmoja, anashangaa kwa nini haisomi. Mzee akaiinua kwenye jua, akamwita, tukaona wote matundu madogo madogo mwanga unapita kama nyota, juu ule utando umebanduka. Akamwambia dada yangu hapa hakuna cha kuosha wala kusugua, hayo matundu ndo data yenyewe haipo, akajaribu kuokoa nyimbo zilizokuwa nzima, zikatoka nne kati ya tisa, hakuchukua hela. Sisi huku pwani na huu unyevu na chumvi tunajidanganya tukiangalia upande wa chini tu. (Akatuambia pia kuna fangasi aligundulika Belize mwaka 2001 anakula kabisa ule utando wa CD, nikadhani ananitania, nikaenda kutafuta, ni kweli.) Mwingine alikuja na DVD safi mpya kabisa, kairekodi mwenyewe kwenye deki ya kurekodia miaka hiyo, inacheza kwenye ile deki tu kwingine kote haitambuliki, na deki ilishauzwa. Mzee hakuiangalia hata mara mbili, akasema haijafungwa hii, haijafainalaiziwa, data imo ila haina ukurasa wa mbele, akaitoa kwa programu nyingine, buku kumi, nusu saa. Yani usisugue kabla hujajua ugonjwa.

Bei sasa. Kuosha na kujaribu kwenye deki zake, elfu mbili. Kunakili yenye ubovu mdogo, elfu kumi. Ya kulala kama yangu, elfu 25, na hapo anakupa kwenye flashi yako uliyoleta, faili zima la DVD kama lilivyo na jingine la MP4 la kutuma kwenye simu. Asipopata kitu hulipi, ila ya kuosha unalipa. Hatoi risiti, anatoa ile michoro yake ya daftari. Anafunga swala zote na Ijumaa hafungui mpaka saa tisa. Pangaboi hamna, mwezi wa 12 mle ndani ni tanuri. Akikwambia kesho jua ni keshokutwa. Na hapokei simu, simu yake iko ndani inachajiwa muda wote, yani unafunga safari ya Mikindani mpaka mjini kuambiwa bado.

Ukimpelekea DVD mpelekee ndani ya kasha gumu, si kwenye nailoni wala katikati ya kitabu, na usiiache kwenye dashibodi ya bajaji au gari, jua la huku linaua ile rangi inayobeba data kwenye hizi za kurekodi, si kama za dukani zilizochapwa kiwandani. Na usiifute njiani na kanga yako ili ikifika iwe safi. Mwache yeye.

Basi Idd tukajaa sebuleni kwa mjomba, flashi kwenye TV, hakuna deki. Kina mama wanapika, keki inakatwa, inapita bila kuganda, watu wanapiga makofi kama keki ni ya leo. Babu anasimama. Kofia. Bismillahi, wanangu. Na anaendelea! Anaongea dakika sita nzima, ile sauti yake ya kukwaruza, anasimulia alivyomposa bibi, anamwita bwana harusi asogee karibu. Mama mdogo analia mpaka anapaliwa, wale watoto wa mzee wa kofia wametulia kimya sijawahi kuona.

Halafu anainua kidole anasema, "Na wewe mkwe, siku ukiona mke wako kanyamaza tu, haongei, ujue..." na hapo vigae, kama sekunde tatu, zile megabaiti zetu karibu zote zimeangukia hapo, picha inarudi ukumbi mzima umevunjika mbavu kwa kicheko, babu mwenyewe kakaa chini anacheka.

Mama mdogo anaapa babu alisema "ujue chumvi imeisha". Mjomba anasema hapana, alisema "kimbilia kwangu". Dada anasema yeye alikuwa analia hakusikia kitu. Aliyeambiwa ni shemeji, yuko Masasi, tumempigia simu ikiwa kwenye spika watu wote wamezunguka, anacheka tu.